Kwa Nini Manula?

Kuna sentensi moja nimeisikia chuoni mara nyingi mpaka naweza kummalizia msemaji kabla hajafika katikati. Inaanza hivi: "Laiti vijana wa nchi hii wangebishana kuhusu katiba kama wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga..." Baada ya hapo msemaji hutikisa kichwa, wanaomsikiliza nao hutikisa vyao, na kila mmoja anajiona amepona ugonjwa ambao wengine bado wanao. Mara ya mwisho niliisikia kwenye semina ya darasa letu la uzamili, kutoka kwa mwenzangu ambaye ni mtu mwema na mwenye akili. Sikumjibu. Simu yangu ilikuwa chini ya meza, kikosi cha Simba kilikuwa kimetoka dakika hiyo, na nilikuwa nahesabu mabeki.

Namjibu leo.

Naanzia Nainokanoka, maana ndiko nilikojifunza mpira na ndiko nilikojifunza kubishana. Kijiji chetu kiko chini ya mlima Olmoti, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mahali ambapo ukungu unaweza kushuka saa tisa alasiri usiondoke mpaka kesho yake. Watalii hupita hapa wakienda Empakaai, wanatupiga picha tukiwa na shuka, kisha wanaenda zao. Sidhani kama kuna aliyewahi kugundua kwamba chini ya shuka kuna jezi, na kwamba jezi ya kijani chini ya shuka nyekundu ni tangazo la vita.

Kibanda umiza chetu ni chumba cha mabati cha kijana mwenye king'amuzi, paneli mbili za sola na betri ya gari. Kiingilio ni shilingi mia tano, na ukikosa unaweza kuleta maziwa. Siku ya ukungu betri huishiwa nguvu mapema, kwa hiyo kuna mechi nyingi ambazo Nainokanoka tunazijua mpaka dakika ya sabini tu.

Tarehe 5 Novemba 2023 ilikuwa Jumapili, siku ya watani. Chumba kilijaa mpaka watoto wakaketi juu ya magunia. Nilikuwa mwanamke peke yangu humo ndani, na nilivumiliwa kwa sababu moja: nilikuwa na bando, hivyo kikosi kilinifikia mimi kwanza. Nikasimama nikaanza kusoma majina. La kwanza kabisa, golini, Aishi Manula. Chumba kikanyamaza.

Kwa asiyefuatilia: Manula alikuwa kipa namba moja wa Simba na wa Taifa Stars kwa miaka, lakini alikuwa ametoka kwenye majeraha yaliyomweka nje miezi mingi. Alipokuwa hayupo, kijana Ally Salim alisimama golini tarehe 16 Aprili 2023 Simba ikamfunga Yanga mawili bila, na mwezi Agosti kule Mkwakwani, Tanga, akaokoa penalti tatu dhidi ya Yanga haohao tukabeba Ngao ya Jamii. Simba ilikuwa pia imemsajili Ayoub Lakred kutoka Morocco. Makipa wawili wazima, na kocha Robertinho akamchagua yule aliyetoka kuugua, katika mechi kubwa kuliko zote.

Pembeni ya mlango alikuwa ameketi mzee mmoja wa rika la Makaa, ambaye hamjui mchezaji hata mmoja kwa sura. Huja kwa ajili ya joto la watu. Akaniita, nikamwinamishia kichwa, akanigusa.

"Huyu wa golini ndiye aliyekuwa mgonjwa?"

"Ndiye, baba."

"Amejaribiwa wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Ng'ombe aliyevunjika mguu akipona," akasema, "siku ya kwanza humpeleki malisho ya mbali. Anachungwa na ndama hapa karibu na boma, unamwangalia anavyokanyaga. Haya niambie. Kwa nini Manula?"

Mnajua kilichotokea. Yanga wakatangulia, Kibu Denis akasawazisha, tukaenda mapumziko moja kwa moja. Kipindi cha pili wakatupiga manne. Watu wa Simba tulikuwa tunaiangalia betri kuliko skrini, tukiiombea izime, lakini siku hiyo jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi na betri ikafika dakika ya tisini na za nyongeza. Tano moja. Siku mbili baadaye klabu ikatangaza kuachana na Robertinho.

Kwa haki ya mwanaume yule, mimi sikubali kwamba Manula ndiye aliyetufungisha. Kiungo chetu kilikuwa wazi kama mlango wa zizi asubuhi. Max Nzengeli alipita humo mara mbili na kufunga, na kipa yeyote angefungwa. Nadhani Ally Salim angefungwa matatu. Lakini tatu moja si tano moja, na hoja ya mzee ilibaki palepale: nani alimjaribu, na kwa nini leo? Swali lile liliishi Nainokanoka kwa zaidi ya wiki. Lilizungumzwa josho, dukani, kwenye foleni ya maji. Mama yangu, ambaye hajawahi kuona mechi nzima maishani mwake, aliniuliza huku akikamua: "Huyo Manula ni mtoto wa nani, mbona kila mtu anamsema?"

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa semina. Yeye akiangalia chumba kile anaona watu wanaopoteza muda. Mimi naona kitu ambacho sijakiona kwenye mikutano mingi niliyohudhuria, ya kijiji na ya chuo. Humo ndani kuna neno moja ambalo halikubaliki, nalo ni "wakubwa wanajua." Jaribu kulisema kibandani. Sema, "Jamani, kocha anajua zaidi yetu." Watakuzomea mpaka utoke. Kocha analipwa mamilioni, amesomea, ana video na wasaidizi, na bado mchunga ng'ombe wa Irkeepusi anamdai sababu. Na siku ya pili kocha huyo anaketi mbele ya waandishi akijieleza! Hata akisema uongo, amejieleza.

Nje ya kibanda, watu walewale wanaambiwa "maelekezo kutoka juu" wanaitikia, wanaondoka. Ndiyo maana nasema mwenzangu ameishika hoja kwa mkia. Hajiulizi kwa nini watu wanabishana mpira. Ni kwa sababu kwenye mpira kubishana kunaruhusiwa, na kwa sababu wakati mwingine kunaleta matokeo. Kocha huondoka. Mchezaji huanzia benchi wiki inayofuata. Mtu hufanya mazoezi ya hoja mahali ambapo hoja haimpeleki polisi.

Mtaniambia mashabiki hawana hoja, wana kelele. Wengine ndiyo. Kijana wa jirani yetu aliuza mbuzi wa mama yake kwa ajili ya mkeka, na mkeka ukachanika kwa mechi ya Ulaya ambayo hata timu zake hakuweza kuzitamka. Desemba 2024 viti viling'olewa Uwanja wa Mkapa baada ya mechi ya Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, aibu tupu. Kuna wanaume wanaojua mshahara wa straika na hawajui ada ya binti yao. Hayo yote nayajua kuliko mwenzangu, maana mimi nimekaa nao.

Ila nimewahi pia kubadilishwa mawazo kibandani, jambo ambalo kwenye semina halijanitokea. Nilikuwa simtaki Kibu. Mshambuliaji asiyefunga ana kazi gani? Kila kocha aliyekuja Simba alimpanga, na kila mara nilisema kocha huyo ni kipofu. Layoni mmoja, mtoto wa miaka kama kumi na mitatu, akaniambia nimwangalie Kibu wakati hana mpira. Nikamwangalia mechi nzima. Anakimbia kurudi nyuma kama mbwa aliyesikia fisi upande wa pili wa boma. Beki wetu wa pembeni anapumzika kwa sababu yake. Tangu siku ile nimekuwa wakili wake. Kibu ametoka kwenye familia ya wakimbizi wa Kongo na uraia ameupata akiwa tayari anacheza hapa, na kwetu hakuna aliyehoji. Watu wa Ngorongoro wanajua vizuri sana maana ya kuambiwa wewe si wa hapa.

Hilo linanileta Januari 2025, pale wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Camara wa Guinea, walipopewa uraia wa Tanzania. Wakati ule klabu zetu ziliruhusiwa kusajili wageni kumi na wawili, na mgeni akigeuka raia nafasi yake ilifunguka. Mimi kumi na wawili siwapingi. Bila wageni Yanga haifiki fainali ya Shirikisho 2023. Fiston Mayele hakuwa mtoto wa Jangwani. Wala siwalaumu wachezaji wale watatu. Mtu akipewa pasipoti anaichukua.

Nilichokipenda ni wiki ile yenyewe. Ghafla nchi nzima ilikuwa inasoma Sheria ya Uraia, Sura ya 357. Nilipigiwa simu kutoka nyumbani, mtu anataka nimsomee masharti: miaka mingapi, tabia gani, lugha gani, nani anaamua. Nikamsomea taratibu, akirudia kwa Kimaa kwa walioketi naye. Alipofika kwenye mamlaka ya waziri, akacheka kwa muda mrefu. "Kwa hiyo kikosi kinapangwa na mtu mmoja," akasema. Profesa gani wa sheria amewahi kuwafanya wachungaji wa Bulati wasikilize vifungu vya uraia wakati wa jioni, hiari yao, kwa gharama ya muda wao wa maongezi?

Na kicheko chake kilikuwa na historia, ambayo nitaieleza kwa ufupi kwa sababu sina uwezo wa kuieleza kwa urefu bila kukasirika.

Tarehe 2 Agosti 2024 lilitoka Tangazo la Serikali namba 673. Kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro vikafutwa kwa karatasi. Kata ya Nainokanoka ilikuwamo. Watu walikuwapo, ng'ombe walikuwapo, Olmoti ulikuwapo, ila kijiji hakikuwapo. Wengi pia waligundua kwamba kituo chao cha kupigia kura kimeandikwa kiko Msomera, Handeni, mkoani Tanga, ambako watu wamekuwa wakihamishiwa tangu 2022. Mama yangu hajawahi kufika Tanga. Mpwa wangu alipomwangalizia jina lake kwenye simu, mama aliuliza kama kuna mwanamke mwingine mwenye jina kama lake.

Kwenye lugha ya usajili tunasema mchezaji amepewa "thank you." Klabu inaweka picha yake, inaandika neno hilo, inamtakia kila la heri huko aendako. John Bocco alipewa yake Simba mwaka huohuo wa 2024, baada ya miaka saba. Tulilia, tukabishana, wengine wakasema amezeeka, wengine wakasema nahodha haagwi hivyo. Lakini Bocco aliambiwa. Mama yangu hakuambiwa. Alihamishwa timu, mkataba wake ukapelekwa mkoa mwingine, na yeye bado yuko uwanjani anakamua.

Tarehe 18 Agosti maelfu ya watu walitoka wakasimama kwenye barabara kuu ya kwenda Serengeti, magari ya watalii yakakwama. Sikuwapo, nilikuwa Dar es Salaam na tasnifu yangu. Nilitumiwa video. Mbele walikuwa wanawake na wazee wenye fimbo, na nyuma yao, nikisimamisha picha kwa kidole, niliona jezi mbili za Yanga na moja ya Simba, bega kwa bega, jambo ambalo kwa kibanda chetu ni la kihistoria. Sisemi mpira ndio uliowapeleka barabarani. Walipelekwa na njaa ya kujua. Ila nilipowasikia wakiongea niliitambua sauti. Ilikuwa ileile ya josho na foleni ya maji: nani kaamua, alitujaribu wapi, kwa nini leo?

Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo lile, na siku zilizofuata viongozi wakaja kusema vijiji vitabaki na watu watapiga kura.

Wiki ile chuoni watu wawili waliniuliza habari za nyumbani. Mmoja ni rafiki yangu tunayekaa chumba kimoja. Wa pili ni mlinzi wa hosteli, Mwanayanga wa kufa, ambaye kila tukipoteza hunifungulia geti polepole ili anione sura. Asubuhi ile alinifungulia haraka. "Dada, nimeona kwenye simu. Wamewafanyia nini watu wenu?" Mwenzangu wa semina, wa katiba, hakuniuliza. Simlaumu sana, alikuwa na makala ya kumaliza. Lakini asiniambie ni nani katika nchi hii aliyelala.

Nina ugomvi na mpira pia, nisije nikaonekana naupamba. Kule Arusha mjini unajengwa uwanja mkubwa kwa ajili ya AFCON 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Uko kata ya Olmoti. Nilipolisikia jina nilicheka, maana Olmoti yetu ndiyo ile ya huku juu, mlima wenye kreta iliyokaa kama chungu, na chungu ndiyo maana ya neno lenyewe. Olmoti ya mjini inapata nyasi na taa. Huku kwenye Olmoti ya mlimani watoto wanacheza kwenye mteremko, goli la chini likiwa na faida ya magoli matano, na msaka vipaji sijamwona hata mmoja tangu nizaliwe. Kuna layoni anayekimbia na ndama kutwa nzima kwenye mwinuko ambao mchezaji wa Dar akipelekwa siku moja ataomba maji. Hakuna mtu anayemwandika. Tukilalamika kuhusu wageni kumi na wawili, tuanze kwa kuuliza wenyeji wanatafutwa wapi. Wanatafutwa pale ambapo gari la kocha linafika bila kuchafuka.

Desemba 2024 nilipanda nyumbani. Tarehe 15 ilikuwa mechi ile ya Sfaxien. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu mchana, betri ilikuwa imechoka, na mwenye kibanda alitutangazia mapema kwamba hatoi dhamana. Wageni wakafunga kwanza, Kibu akasawazisha, nikatazama nyuma kumtafuta yule layoni. Mzee wa Makaa alikuwa mlangoni kwake. Wakati wa mapumziko akaniita.

"Yule kocha wa Manula. Aliondoka baada ya siku ngapi?"

"Mbili, baba."

Akahesabu kwa vidole, akarudia, akavikunja.

"Na huyu aliyetufuta sisi, anaongea na waandishi lini?"

Nilimwambia tangazo lilishasimamishwa na mahakama, vijiji vipo, tuko salama kwa sasa. Akasema hilo analijua, hakuuliza hilo. Nikamwambia sijui. Akaniambia nimesoma miaka mingi, nikasome zaidi kidogo.

Kipindi cha pili kikaanza. Dakika ya themanini mwenye kibanda akasema tuzime simu zote zinazochaji, taa izimwe, watu wasifungue mlango maana baridi inaua betri. Sijui kama ni kweli, lakini tulitii. Tukaketi gizani, Simba na Yanga, tukiangalia mwanga mdogo wa skrini. Dakika tisini zikaisha kwa moja moja. Zikaongezwa. Mpira ukaingia eneo la hatari, na mtu nyuma yangu, sauti ya kitoto, akapiga kelele kabla ya sisi wote: "Kibu yupo!"